Distro Mbili, Diski Moja

Mwaka 2010 nilitaka Linux mbili kwenye kompyuta moja kwa sababu nilishindwa kuchagua. Ubuntu 10.04 niliipata bure. Wakati ule Canonical, kampuni inayoitengeneza, walikuwa bado wanamtumia CD kwa posta yeyote aliyeomba, na bahasha yangu ilikuja Dar es Salaam kupitia S.L.P. ya kazini kwa baba. Fedora 13, iliyotoka Mei mwaka huo huo, nilinakili kutoka kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyeishusha usiku kucha pale chuoni. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilikuwa imeshafika pwani yetu mwaka uliotangulia, lakini kwa sisi wa modemu na vocha, kushusha MB 700 bado kulikuwa jambo la kukaa chini na kupiga hesabu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa laptopu ya mtumba, diski ya GB 160, na ndani yake mlikuwa na Windows XP ambayo dada alichapia barua zake. Hiyo haikuruhusiwa kuguswa. Mfumo wa wakati ule wa kuandika mipaka ya diski, MBR, ulikubali sehemu kuu nne tu. Mimi nilihitaji tano: XP ya dada, Ubuntu, Fedora, swapu ya kuchangia (nafasi ya kuisaidia RAM), na sehemu ya nyaraka. Dawa ilikuwa kuifanya moja ya zile nne kuwa ya kubeba nyingine tumboni mwake. Ndiyo maana orodha ilianza na sda1, kisha ikarukia sda5. Nilidhani kuna kitu kimepotea, mpaka kaka yule aliponieleza kwamba namba nne za mwanzo hutengewa sehemu kuu, ziwepo zisiwepo.

“Na betri ijae kwanza, mdogo wangu,” akaongeza. “Umeme ukikatika katikati ya kupunguza ile ya Windows, dada yako hatakuelewa.”

Ubuntu iliingia vizuri. Fedora ikaingia vizuri pia, tena niliinyima ule mpangilio wake wa LVM nikaipa ext4 ya kawaida, ili Ubuntu iweze kuiona. Nilipowasha, menyu ikanionyesha Fedora na Windows. Ubuntu haikuwepo. Faili zake zote zilikuwa palepale, ila GRUB, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wowote, ilikuwa imeandikwa upya na Fedora, na GRUB ya Fedora ilikuwa bado ile ya kizazi cha kwanza, isiyojisumbua kutafuta Linux nyingine. Mpangaji wa mwisho kuhamia ndiye anayebadilisha kitasa.

Basi nikaiwasha Ubuntu kutoka kwenye CD, nikaingia ndani ya ile iliyoko kwenye diski, nikairudishia GRUB yake. Hiyo ilikuwa GRUB 2, na ilipochungulia diski iliwataja wote watatu. Kazi ikaisha, kwa muda. Fedora hupenda kusasisha kerneli, kile kiini cha mfumo, mara kwa mara, na kwa kawaida hubakiza tatu tu, ya zamani zaidi ikifutwa. Menyu iliyoshikwa na Ubuntu haikuwa na habari hizo, ikaendelea kuita kerneli ya siku ile ya kwanza hadi ikafika mahali inaita kitu kilichokwisha kufutwa. Nikazoea: kila Fedora inapopata kerneli mpya, nirudi Ubuntu na kuendesha update-grub. Wenzangu waliniona mtu wa kujitakia adha, na sikuwa na la kuwajibu.

Lililonifundisha zaidi lilikuwa dogo kuliko hilo. Nyaraka nilizoandika nikiwa Ubuntu zilionekana nikiwa Fedora, lakini sikuweza kuzihariri, ingawa jina la mtumiaji na nywila vilikuwa vilevile. Nilipoorodhesha faili, mahali pa jina la mwenye mali paliandikwa 1000. Hapo ndipo nilipojua kwamba Linux haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa namba, na jina ni pambo la kutusaidia sisi. Ubuntu ilimpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, Fedora ikampa 500. Nikajibadilishia namba upande wa Fedora, nikatulia.

Baadaye nilijiona fundi, kwa kuwa kila nilipoweka distro mbili mambo yalizidi kuwa mepesi. Ukweli ni kwamba wengine walikuwa wakiyang’oa mawe njiani. Fedora 16, ya Novemba 2011, ilianza nayo kuhesabu watumiaji kutoka 1000, tena ikahamia GRUB 2. Kompyuta za UEFI zikaja na utaratibu ambao kila distro ina folda yake ya kuwashia, na diski zikaachana na ule ukomo wa sehemu nne. Ubuntu ikaanza kutumia faili la kawaida kama swapu, Fedora ikahamishia yake kwenye RAM, na lile suala la kuchangia swapu likazikwa.

Si kila badiliko lilikuwa la kurahisisha. Mwaka 2021 GRUB 2.06 iliacha kutafuta mifumo mingine kama desturi, kwa sababu za kiusalama. Mpwa wangu alipoweka Ubuntu 22.04 baada ya Fedora, alinipigia simu: “Mjomba, Fedora imefutika!” Nilimwelekeza aongeze mstari mmoja kwenye mipangilio ya GRUB na kuendesha amri ileile ya zamani. Ikaonekana.

Siku hizi amebaki na Fedora peke yake. Debian anayoihitaji kwa masomo anaifungua ndani ya konteina kwa Distrobox, na folda zake zote anazikuta humo. Anashangaa kwa nini mimi bado nagawa diski. Konteina yake inatumia kerneli ya Fedora. Kerneli hiyo ikisasishwa vibaya na Wi-Fi ikagoma, konteina nayo haina mtandao. Mimi nazima, nachagua mstari wa pili kwenye menyu, naendelea na kazi.