Safari ya Lamu na Sitaha ya Jahazi Dogo

Wengi wetu tukaao bara hudhani ya kuwa Lamu ni mahali pa wageni wenye fedha kwenda kupumzika, wala si mahali pa mtu wa kazi kwenda kujifunza jambo. Nami nilidhani vivyo hivyo, mpaka mwaka jana nilipokwenda huko mara ya pili, nikiwa nimepakata jahazi lililopasuka.

Kwanza yanipasa nieleze asili ya safari hiyo. Baba yangu, ambaye sasa amepita miaka 80, alifanya kazi ya kupakua mizigo katika Bandari ya Kale ya Mombasa alipokuwa kijana, katika miaka ya 1960. Siku zile vyombo vikubwa vya Waarabu vilikuwa vikija bado na upepo wa kaskazi, vikileta tende, samaki wakavu na mazulia, kisha vikirudi na upepo wa kusi vikiwa vimejaa boriti za mikoko zilizokatwa katika visiwa vya Lamu. Baba alirudi kwetu Kitui akashika jembe, lakini bahari haikumtoka moyoni. Hata leo akikaa chini ya mwembe huwafundisha wajukuu wake majina ya sehemu za chombo: omo na shetri, mlingoti na foromali, tanga na usukani, na watoto ambao hawajaona hata ziwa huyakariri kama somo la shule.

Basi nilipokwenda Lamu mara ya kwanza kwa kazi ya siku mbili, nilitaka kumletea zawadi ya jahazi dogo la mfano. Sikuwa na nafasi ya kutafuta. Nikanunua moja kwa mtu aliyekuwa akiuza njiani, kwa kuwa lilikuwa liking'aa kwa rangi, nami nilikuwa nikikimbilia mashua ya kurudi Mokowe. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Lakini haukupita muda wa miezi mitatu, sitaha yake ikaanza kufunguka. Mbao zikaachana, nyingine zikapasuka katikati, hata ungeweza kusimamisha sarafu ndani ya ufa. Baba hakuninena hata neno moja. Aliligeuza tu, upande uliopasuka ukaelekea ukutani. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angalinikemea.

Kwa sababu hiyo, nilipopata likizo yangu mwaka jana, nilifunga jahazi lile katika blanketi nikaondoka nalo. Kutoka Mombasa basi hupita Malindi, likavuka mto Tana karibu na Garsen, kisha Witu, palipokuwa na usultani katika karne ya 19, hata likafika Mokowe mwisho wa barabara. Kutoka hapo abiria huingia mashuani. Mbele yako utauona mji wa mawe umepangana ufukweni, na punda wakibeba mchanga na mawe ya kujengea, maana vichochoro vyake ni vyembamba mno, havipitishi motokaa. Mji huo wa kale uliandikwa mwaka 2001 na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome yake, iliyomalizika mwaka 1821, ingali imesimama katikati ya mji. Na katika jumba la makumbusho lililo ufukweni mgeni ataelezwa habari za mtepe, chombo cha kale ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka.

Watu wa mjini walinishauri niende Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, ambacho tangu zamani kinajulikana kwa waunda vyombo. Nilikwenda kwa miguu asubuhi, kupitia mchangani na katikati ya minazi. Pale ufukweni niliona jahazi zima likiundwa: mkuku umelazwa chini, mataruma yamesimama kama mbavu za ng'ombe, na mafundi wawili wakichonga kwa tezo. Kando yao, chini ya paa la makuti, alikuwapo mzee mmoja aliyeacha kazi kubwa kwa sababu ya mgongo, naye sasa anaunda vyombo vya mfano.

Nikapiga hodi, nikamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, starehe." Nilipolifungua blanketi alilishika jahazi langu, akalinusa, akaligonga kwa ukucha. Kisha akasema, "Mwili wake ni mzima. Aliyeunda mwili si aliyeweka sitaha. Mti huu ulipokatwa mbao ulikuwa ungali na maji. Nanyi huko bara hewa yenu ni kavu. Maji yametoka, mti umejikunyata."

Akanifafanulia jambo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu ya shule ya misheni, sikulijua. Ubao ukikauka haupungui urefu wake kwa kiasi cha kuonekana; hupungua upana. Na yule aliyeweka sitaha alikuwa amezigundisha mbao kwa gundi nyingi, akapiga misumari ya chuma kingo zote mbili. Ubao ulipotaka kujivuta ukazuiwa huku na huku, basi haukuwa na njia ila kupasuka. "Ubao ni kama mtu," alisema mzee, "usimfunge mikono yote miwili."

Nikamwuliza kama angeweza kulitengeneza siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimekusudia kuondoka kesho yake. Akanicheka kwa upole. Akaniambia nirudi kesho, na kesho kutwa pia, ama sivyo nilichukue jahazi langu kama lilivyo. Nilikasirika kidogo moyoni, lakini nilikumbuka ule ukuta wa nyumba ya baba, nikakubali.

Siku ya kwanza alizing'oa mbao zote mbovu kwa kisu chembamba. Katika jahazi la Lamu sitaha haifuniki chombo chote. Iko omo na shetri, na katikati huachwa wazi kwa shehena. Chini yake zilionekana darumeti, yaani miti iliyolala kutoka ubavu mmoja hata wa pili, ambayo huibeba sitaha. Mzee alilaza kijiti juu yake akaonyesha kwamba baadhi zilikuwa zimenyanyuka na nyingine kushuka. Akazichonga mpaka zikawa na mwinamo mmoja, katikati juu kidogo na pande mbili chini, ili, kama lingekuwa jahazi la kweli, maji ya mawimbi yateremke baharini yasituame.

Siku ya pili alitoa ubao wa jahazi la kale lililovunjwa, uliokaa baharini na juani miaka mingi. "Huu umekwisha kulia machozi yake yote," alisema. Jahazi langu lina urefu wa sentimita 60, mfano wa chombo cha mita 12. Kwa hiyo kila kitu ndani yake ni sehemu moja ya 20. Ubao ambao katika chombo cha kweli una upana wa sentimita 20, hapa ni sentimita moja tu, na unene wake ni milimita 2. Aliukata kwa msumeno mdogo, akausawazisha kwa msasa, vipande vikalingana kama vijiti vya kiberiti.

Kisha akavuta uzi katikati na kupiga alama. Ubao wa kwanza aliulaza juu ya alama hiyo, halafu mmoja kulia, mmoja kushoto, na tena vivyo hivyo. Ukianza upande mmoja, alisema, kosa dogo la ubao wa kwanza huongezeka mpaka ukifika upande wa pili sitaha imekwenda mrama. Kila ubao alipaka makaa ukingo mmoja, ili paonekane mstari mweusi mahali ambapo katika chombo cha kweli hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Viungo vya mbao aliviangusha juu ya darumeti tu, wala hakukubali viungo viwili vikae sambamba, kama mwashi apangavyo matofali. Na badala ya misumari ya chuma alitumia vijiti vya mianzi, kimoja tu katikati ya upana wa ubao, ili ubao upate kupumua pande zote mbili.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, hakufanya kazi, alikwenda msikitini. Jumamosi alinipa ubao mmoja wa shetri niuweke mwenyewe. Niliuweka, akautoa. Niliuweka tena, akautoa tena, hana hasira wala haraka. Mara ya nne alinyamaza, nikajua umekubaliwa.

Tulipokuwa tukifanya kazi nilimwuliza kama wanawe wanaifuata kazi hii. Akasema mmoja anaendesha mashua ya mashine, na mwingine anatafuta kazi katika bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021 kwa meli za chuma. Hakusema kwa malalamiko. Alisema tu kwamba mtu asiyeketi karibu na fundi hawezi kuupata mkono wake kwa kuambiwa. Ujira aliotaka ulikuwa mdogo kuliko bei niliyolipa mara ya kwanza kwa haraka yangu. Nilimwongezea, akapokea baada ya kukataa mara mbili.

Nilipofika Kitui baba alikuwa amekaa mahali pake chini ya mwembe. Akalipokea jahazi, akaliweka magotini, akapitisha ukucha juu ya sitaha polepole, kutoka omo mpaka shetri, akivihesabu viungo kimoja kimoja. Akafika kwenye ubao mmoja akasimama.

"Huu nani aliuweka?" akauliza.

Nikajibu, "Ni mimi, baba."

Akautazama kitambo. "Umezidi kushoto, upana wa unywele," akasema. "Lakini utakaa."

Tangu siku hiyo kiangazi kizima kimepita, na kiangazi cha kwetu wasomaji wa Ukambani wanakijua. Hapana ubao uliofunguka. Nalo jahazi halielekei tena ukutani. Baba amelisimamisha juu ya meza, omo yake imeelekea mlangoni.