Sita, Saba, Tisa: Niliyoyasikia katika Bandari ya Birgu

Nilivuka bandari kwa mashua kutoka Valletta hadi Birgu, mji mkongwe wa kisiwa cha Malta. Hapo ndipo watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane walipoweka makao yao mwaka 1530, na hapo ndipo mwaka 1565 walipostahimili kuzingirwa na majeshi ya Uthmaniya. Ngome yao ingali imesimama. Chini yake zimetia nanga mashua za anasa za matajiri.

Hata hivyo, kilichonisimamisha si ngome, bali mama mmoja aliyekuwa akimhesabia mteja machungwa: “sitta, sebgħa, tmienja, disgħa.” Sita, saba, tisa! Nikamuuliza, kwa Kiingereza, bahari wanaiitaje. “Baħar.” Na kitabu? “Ktieb.”

Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, japo huandikwa kwa herufi za Kirumi. Kiswahili ni cha Kibantu, nacho kiliyapokea maneno hayo kupitia Bahari ya Hindi. Kwa muda mrefu Kimalta kilihesabiwa kuwa lugha ya jikoni, na mahakama zikatumia Kiitaliano. Mwaka 1934 kikafanywa lugha rasmi. Mwaka 2004 Malta ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, kikawa miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Wenyewe ni watu kama nusu milioni tu.

Sisi tu makumi ya mamilioni. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mtoto wetu akiingia sekondari, lugha aliyoijua vema huachwa mlangoni.

Nisiwasifu Wamalta kupita kiasi: chuo kikuu chao nacho hufundisha zaidi kwa Kiingereza. Wala nisijitakase. Mkobani mwangu mlikuwa na mhadhara kuhusu umaskini wa vijiji vyetu, nilioundika kwa lugha ambayo wanavijiji hao hawaisomi.

Mama yule akaniuliza lugha yangu ina wasemaji wangapi. Nilipomjibu, akastaajabu. “Basi bila shaka wewe hufundisha kwa lugha hiyo,” akasema.

Nikanunua machungwa sita, nikalipa, nikaondoka bila kumjibu. Jibu hilo nawadai wenzangu wahadhiri, nami nikiwa mdaiwa wa kwanza.