Kila Faili na Neno Lake

Baba yangu alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini Kitale. Leja yake ilikuwa na safu ya maelezo upande wa kulia, naye hakuacha mstari hata mmoja wazi: "yana maji, yamerudishwa", "gunia limepasuka, kilo 88".

Mwaka 2006 nilipoanza kuandika programu ya maghala mawili, moja Kitale na jingine Bungoma, nilitunza historia yake kwa RCS, programu ya kuhifadhi matoleo ya mafaili, kazi ya Walter Tichy ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. RCS ilitaka maelezo kwa kila faili. Humo niliiona leja ya baba. Mafaili yenyewe niliyatia kwenye flashi, nikampa dereva wa matatu, yakapita Kiminini na Webuye hadi kwa mwenzangu Bungoma.

Lakini RCS haikujua kwamba mafaili matano yalikuwa kazi moja. Siku moja mwenzangu alichukua manne akasahau la tano, na programu ikagoma kufunguka. Ndiyo maana tulipohamia Git, programu nyingine ya kutunza matoleo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, tulishukuru sana. Mabadiliko huingia yote kwa pamoja katika komiti moja, chini ya ujumbe mmoja.

Ujumbe huo mmoja ndio uliotuumiza. Msimu mmoja wa mavuno programu ilipokea mahindi yenye unyevu wa asilimia 15, ilhali kikomo ni 13.5. Yakaota kuvu. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo mwaka 2004 sumukuvu iliua watu zaidi ya 100 Ukambani. Tulipofuatilia ule mstari wa kikomo, tulifikishwa kwenye komiti yenye mafaili 11 na maneno matatu: "Marekebisho ya risiti."

"Ndugu yangu, ni mimi niliyeandika," mwenzangu aliniambia, "lakini kwa nini niligusa unyevu, sikumbuki."

Tangu siku hiyo, juu tunaandika sababu ya kazi nzima. Chini yake, kila faili na mstari wake, kama ilivyo desturi ya mradi wa GNU katika ChangeLog zake, yaani kumbukumbu za mabadiliko. Git inaruhusu hivyo, ila haiulizi. Naamini inapaswa kuuliza. Hadi hapo, wewe unayeandika programu ya ghala, zahanati au shule, jiulize mwenyewe kabla ya kukomiti: faili hili nimeligusa kwa nini? Kisha liandike jibu.