Sahani Saba Mjini Lyon

Kimya changu cha wiki tatu kina sababu. Nilikuwa Lyon, Ufaransa, kumwekea mteja programu ya kusimamia bohari lake. Ila leo siandiki kuhusu programu (labda kidogo tu, mtanisamehe). Leo nasimulia chakula.

Lyon ni mji wa wapishi. Mama mmoja, Eugénie Brazier, alikuwa na mikahawa miwili, na mwaka 1933 yote miwili ilipewa nyota tatu na kitabu cha Michelin. Ndiyo, Michelin wale wale wa matairi! Walianza kuchapisha kitabu cha kuwaongoza madereva mwaka 1900, kwa sababu mtu akisafiri sana tairi nazo huisha. Nyota tatu maana yake ni kwamba mahali hapo panastahili safari ya makusudi. Paul Bocuse, mpishi mashuhuri aliyefariki mwaka 2018, alifunzwa kazi jikoni kwa mama huyo.

Kazi ilipokwisha niliingia mkahawa mmoja wenye nyota moja, nikalipa kutoka mfukoni mwangu. Euro 110. Msinipigie hesabu kwa shilingi, nimeshapiga na nimeshajuta.

Sababu ni Baba. Baba alikuwa weita katika hoteli moja ya ufuoni, Mombasa, kwa miaka 28. Chakula cha namna hii alikibeba kila siku, lakini hakuwahi kukaa kwenye meza zile hata mara moja. Nyumbani alitufundisha kupanga uma na visu, ilhali ugali wenyewe tulikuwa tunakula kwa mkono! Basi nikajiambia, nitakaa mimi, halafu nitamsimulia.

Hapo wana menyu ya kuonja. Wewe huchagui kitu, mpishi ndiye anayepanga. Sahani saba ndogo ndogo, moja baada ya nyingine. Zamani katika karamu kubwa za Ufaransa vyakula vingi viliwekwa mezani kwa mpigo, na vingine vilipoa kabla hujavifikia. Katika karne ya 19 ukaenea utaratibu ulioitwa wa Kirusi, kila chakula kuletwa kwa zamu yake kikiwa moto. Sisi wa kompyuta tunaijua tofauti hiyo. Ni kama kungoja faili zima la video lipakuliwe ndipo uanze kutazama, au kutazama huku data ikiendelea kuingia.

Kilikuja kitu cha tonge moja cha kufungua kinywa, kisha supu ya uyoga ya vijiko vitatu. Ikafuata quenelle, yaani samaki wa mtoni aliyesagwa pamoja na mayai na siagi, akapikwa akawa laini kama wingu, juu yake mchuzi wa kamba wa mtoni. Nilitaka kulamba sahani, nikakumbuka niko wapi.

Kabla ya sahani ya nne simu ikatetemeka. Seva ya mteja wangu mmoja wa Nairobi imelala! Nikatoka nje, nikahangaika nayo dakika 20 kwenye baridi, nikijua kuku wangu anapoa. Naye hakuwa kuku hivi hivi, alikuwa kuku wa Bresse, mwenye manyoya meupe na miguu ya buluu, ambaye jina lake linalindwa na sheria tangu mwaka 1957.

Niliporudi, kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa upya na meza iko tupu. Nikakaa. Dakika chache baadaye kuku akaja, anafuka moshi.

Baadaye ikaja jibini ya Saint-Marcellin, kisha barafu ya limau, mwisho tati ya lozi zilizovikwa sukari ya waridi. Nikatoka nimeshiba kabisa, mimi niliyeingia nikizicheka zile sahani ndogo.

Usiku huo nikampigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Haya, niambie."

Nikamweleza yote, sahani kwa sahani. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Ulipotoka nje, nani alikwenda jikoni kuwaambia wasubiri?"

"Weita."

"Yukoje?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka sahani zote saba mpaka rangi ya zile lozi, lakini uso wa kijana yule sikuupata. Nilikuwa nimekaa naye saa tatu!

"Ulimshukuru?"

"Nilisema merci, Baba."

"Ya kuku, au ya kusubiri?"

Sikuwa na jibu. Baba hakukasirika. Alisema tu kwamba wao, mgeni akiinuka ghafla, walikuwa wanakimbia jikoni kumzuia mpishi, na mara nyingi wanatukanwa huko ili mgeni asile baridi. Miaka 28, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Asubuhi kabla ya treni nilipita pale, nikakuta pamefungwa. Nikawaandikia barua pepe kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, nikamshukuru kijana wa meza ya dirishani. Ya kusubiri.

Baba hataki kusikia habari za Lyon, anasema baridi itamuua. Lakini mwezi ujao nampeleka hoteli moja ya Mombasa, tukae meza moja tuhudumiwe. Amekubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayekagua uma.

Wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Kwaherini kwa sasa.