Misumari Miwili na Mahindi ya Dada

Nataka kuwasimulieni jambo lililotupata nyumbani, huenda likamfaa mtu.

Mpwa wangu anasoma sekondari Musoma. Likizo moja alinijia hapa Bunda na kitu alichokitengeneza mwenyewe. "Mjomba, hiki ni kihisi cha unyevu." Nilicheka, maana niliona misumari miwili tu, waya, na mita ndogo ya mafundi wa redio.

Akaichomeka misumari katika bustani yangu ya mchicha. Palipokuwa pakavu mita ilionyesha namba kubwa. Alipomwaga kata moja ya maji, namba ikashuka mara. Akanieleza kwamba kila kitu hukinza umeme, kingine sana, kingine kidogo, na ukinzani huo hupimwa kwa omu, jina la mwalimu Georg Ohm wa Ujerumani aliyetoa kitabu chake mwaka 1827. Maji ya udongoni huyeyusha chumvichumvi, na hizo hupitisha umeme. Udongo ukikauka, njia hukatika. Kwa hiyo udongo wa chumvi nyingi hudanganya, hujifanya umelowa. Basi nikavutwa mno.

Tukaenda Butiama kwa dada yangu, mama yake kijana. Alikuwa amepukuchua mahindi. Aliuma punje, akasema bado, yaanikwe siku tatu tena. Mimi, nikitaka kuonyesha maarifa, nikamwambia kijana apime. Mita ikaandika 1, upande wa kushoto, basi. "Umeme haupiti kabisa," nikasema. "Ni makavu. Mashine haisemi uongo, dada." Alininyamazia kwa heshima. Tukashona magunia.

Baada ya wiki tano alinipigia simu. Gunia la katikati lilikuwa na joto, ndani ukungu wa kijani. Tulizika magunia mawili. Hata kuku hatukuwapa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, nasi tuna watoto.

Kijana alisoma tena maelezo ya mita. Ile 1 haina maana ya "kavu." Maana yake ni "ukinzani huu umepita uwezo wangu." Punje za mahindi hukinza umeme sana, hata zikiwa na unyevu wa kutosha kuoza. Mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa sehemu 13 hivi katika mia, na vipimo vya maghalani hutengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Kosa halikuwa la mita, wala la mtoto.

Sasa dada hutumia chupa kavu. Hutia mahindi na chumvi kavu, hutikisa, hungoja robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi ni mabichi bado. Msimu huu alitikisa mbele yangu, chumvi ikashika, naye akayarudisha juani bila kuniuliza neno. Mpwa wangu yuko na misumari yake kwenye mchicha.