Siku tisa

Basi letu liliondoka Ubungo alfajiri, mwaka 2009. Nilibeba mfuko mmoja wa nguo na blanketi la mama ambalo lilikuwa bado linanukia moshi wa kwetu Uvira. Tulipita Mikumi, tukapanda mlima Kitonga, usiku tukashuka Mbeya. Kesho yake Tukuyu, kisha Kasumulu. Pale mpakani nililala siku nne, miguu ikavimba mpaka viatu havikuingia. Baada ya daraja la Songwe ikaja Karonga, kona za Chiweta, Mzuzu, Kasungu. Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mzee mmoja wa kwetu aliniuliza Dar iko umbali gani. Nikamjibu: siku tisa. Sikuwa na kipimo kingine.

Baadaye nikapata kibanda Mchesi, mjini Lilongwe, nikauza vitenge na usipa, yaani dagaa wa huku. Kila wiki minibasi ya kwenda mjini ilipita Lumbadzi, penye njia ya Uwanja wa Ndege wa Kamuzu. Kwetu sisi wa kambini uwanja ule ulikuwa mahali pa kuagana. Waliopata safari ya Marekani au Kanada walikata kona pale, nasi tukabaki na namba zao za simu.

Mdogo wangu naye alikata kona hiyo. Mwaka 2018 akarudi kunisalimia, na pasipoti mpya mkononi, akipitia Dar.

"Yaya, soda yenyewe ya kwenye ndege sikuimaliza," aliniambia pale pale nje ya uwanja, huku analia.

Akanipa kipande cha tiketi yake ya Malawi Airlines. Nilikishika muda mrefu. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi huu wa Kamuzu ni kama kilomita 970, muda usiotimia saa mbili. Ndege inakata moja kwa moja juu ya Ruvuma na kuvuka ziwa. Basi haliwezi: lazima lipande hadi Mbeya, lizunguke kichwa cha Ziwa Nyasa, ndipo lianze kuteremka upande wa pili, zaidi ya kilomita 1,500. Usiku ule nilikitia kile kipande ndani ya blanketi la mama. Niliumia, nakiri, na nilifurahi pia kwamba mtoto wa mama yetu ameliona ziwa lote kwa juu.

Mwaka 2023 ikatoka amri wakimbizi wote warudi Dzaleka. Kibanda cha Mchesi nikakifunga. Tuko zaidi ya watu 50,000 katika kambi iliyokuwa gereza zamani, na Lilongwe, isiyofika hata kilomita 60, imekuwa mbali kuliko Dar ya mdogo wangu. Minibasi ni ile ile. Kilichoongezeka ni kibali.

Mdogo wangu anakuja tena mwezi ujao. Ameshanitumia saa ya kutua. Nami nimepeleka ombi la kutoka kambini siku moja, ili nikamsubiri pale nje.