Taa ya Tairi

Ewe msomaji, uionapo taa ya manjano yenye umbo la tairi ikiwaka mbele ya dereva, itazame vema kabla ya kuishutumu. Ikiwaka kwa utulivu, yasema upepo umepungua. Basi pima matairi yangali baridi, ujaze. Lakini ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi ndipo itulie, yalalamika kwamba haipati habari za gurudumu fulani. Mara nyingi kihisi kilichomo ndani kimeishiwa na betri. Betri hiyo huishi miaka 5 hadi 10, nayo imezibwa humo hata haibadiliki peke yake.

Fundi hodari hakisii. Hupitisha chombo chake karibu na valvu ya kila gurudumu; lisilojibu ndilo lenye ugonjwa. Huvua tairi, akafunga kihisi kipya chenye mawimbi ya redio ya namna ile ile, kisha akaijulisha kompyuta ya gari namba yake.

Wako madereva waifunikao taa hiyo kwa utepe mweusi. Mimi naona heri gari lisilo na taa kabisa, maana dereva wake hushika kipimo mkononi kabla ya kuteremka Mai Mahiu na abiria 14.